Mchango wa Vijana

Nyanya alinyamazisha televisheni kwa rimoti, akanitazama, akasema: "Mimi nilitoa shilingi kumi."

Nilikuwa nimepiga magoti namvalisha soksi za kubana mishipa. Nikainua kichwa. Ilikuwa Februari 2005, mwezi wangu wa tano Belfast, Ireland Kaskazini, na neno shilingi nilikuwa nalisikia kwenye simu ya nyumbani tu. Nikadhani amelitaja kwa sababu natoka Kenya. Kumbe Waingereza nao walihesabu shilingi mpaka 1971, na hiyo yake ilikuwa noti. Aliikunja mara mbili akaitia kwenye kopo la biskuti ambalo kijana wa jirani alikuwa amelishika mlangoni pake kwa mikono miwili. Agosti 1969. Mapazia yalikuwa bado yananuka moshi.

Kwenye kioo cha televisheni walikuwa wakionyeshwa dada zake Robert McCartney. Mwanamume huyo, Mkatoliki wa mtaa wa Short Strand, alichomwa kisu nje ya baa tarehe 30 Januari mwaka huo, na waliomuua walikuwa watu wa IRA, jeshi la siri lililosema linawalinda Wakatoliki kama yeye. Ndani ya baa kulikuwa na watu wapatao 70. Polisi walipowauliza, mmoja baada ya mwingine alisema hakuona kitu, alikuwa chooni. Choo chenyewe kilitosha watu wachache tu. Baa ikasafishwa, kanda ya kamera ikachukuliwa. Dada zake watano walikataa kunyamaza, na mwezi Machi IRA wakatoa taarifa hadharani kwamba wako tayari kuwapiga risasi waliohusika. Familia ikasema hapana, sisi tunataka mahakama.

Nilimuuliza Nyanya shilingi kumi ilikuwa ya nini. Akajibu, "Ya vijana."

Nilikuwa nimeajiriwa kuhudumia wazee majumbani: kuwaamsha, kuwaosha, kuwapa dawa, kuwawekea chai na mkate. Nilimwita Nyanya kwa kuwa sikuweza kumwita mama wa miaka themanini kwa jina lake la ubatizo kama walivyofanya wenzangu, na nilipomweleza maana yake alilipenda. Nyumba yake ilikuwa Clonard, magharibi ya Belfast, karibu kabisa na ukuta unaotenganisha Wakatoliki wa Falls na Waprotestanti wa Shankill. Nyumba za pale zina vizimba vya waya nyuma, kutoka ukutani mpaka juu ya madirisha, ili mawe na chupa za petroli zinazorushwa kutoka ng'ambo zisifike jikoni. Alianika nguo ndani ya kizimba hicho. Siku za kwanza nilishindwa kumzoea mtu anayeanika nguo ndani ya kizimba. Baada ya mwaka nikawa nazianika mimi, wala sivioni tena vile vyuma.

Kwa msomaji ambaye hajafika kule, niseme hivi: ugomvi ule haukuwa wa Papa na Luther. Sijawahi kumsikia mtu Belfast akibishana juu ya ekaristi. Ukatoliki na Uprotestanti kule ni kama jina lako la mwisho kwetu Kenya. Mtu analisikia na kabla hujamaliza sentensi ameshajua umpigie nani kura, ulizaliwa wapi na umfuate nani vita ikianza. Wao huuliza ulisoma shule gani. Wanasikiliza hata unavyoitamka herufi H. Waprotestanti wengi walitaka nchi ibaki chini ya Uingereza, Wakatoliki wengi walitaka Ireland moja, na mwaka 1921 mipaka ilikatwa ili Waprotestanti wawe wengi katika kaunti sita za kaskazini. Chama kimoja kikatawala miaka hamsini. Katika chaguzi za halmashauri kura ilifungwa na nyumba, na nyumba zenyewe zilikuwa zikigawiwa kwa kujuana. Watu walipoandamana Derry tarehe 5 Oktoba 1968 kudai haki za kawaida tu, polisi waliwapiga virungu mbele ya kamera.

Agosti iliyofuata, umati ulitoka upande wa Shankill ukachoma Bombay Street nyumba kwa nyumba. Polisi walifyatua bunduki za rashasha kwenye fleti za Divis na risasi moja ikamkuta mtoto wa miaka 9 chumbani kwao. Familia zaidi ya 1,800 zilihama nyumba zao mjini Belfast majira yale, watano kati ya kila sita wakiwa Wakatoliki. Jeshi la Uingereza lilipoingia, akina mama kama Nyanya waliwapelekea askari chai. Jeshi ndilo lililonyoosha waya katikati ya mitaa, na jenerali wao akasema ni jambo la muda mfupi, mfupi sana. Waya ule leo ni ukuta wa zege, mabati na wavu, mrefu kuliko nyumba za ghorofa mbili zilizo chini yake.

Kwa hiyo kopo lilipopita mlango kwa mlango, nani angekataa? Nyanya alikuwa na watoto wanne ndani na mtaa wa pili ulikuwa majivu. Ningekuwa mimi ningetoa shilingi ishirini.

Mwanzoni vijana walisimama kwenye kona na marungu, wakala sandwichi zake. Alijua mama zao. Desemba mwaka huo huo IRA ikagawanyika, kundi jipya likajiita Provisional, na marungu yakawa bunduki. Julai 1972, Ijumaa moja alasiri, walilipua mabomu yapatayo ishirini katikati ya Belfast kwa muda usiofika saa moja na nusu, wakaua watu 9. Miezi sita kabla ya hapo askari wa Uingereza walikuwa wamewapiga risasi waandamanaji kule Derry, 13 wakafa siku hiyo na mwingine baadaye. Mwaka ule mmoja ulichukua watu karibu 500 katika nchi ambayo idadi ya watu haikufika milioni mbili. Kopo liliendelea kupita. Sasa liliitwa mchango wa familia za wafungwa, na baa kwa baa hakuna aliyethubutu kulipitisha bila kutia kitu. Ng'ambo ya bahari, Boston na New York, Waamerika wa asili ya Ireland walichanga kwenye baa zao vilevile, dola kwa dola, kwa ajili ya wajane na mayatima, na wengi wao naamini waliamini hivyo.

Mwanawe wa mwisho alikuwa na umri wa miaka kumi na sita alipoanza kuiba magari ya watu na kuyakimbiza usiku. Ilikuwa miaka ya themanini. Polisi hawakuitwa Clonard. Kuwaita ilikuwa usaliti, na msaliti alikuwa anajua kinachomngoja. Basi vijana ndio waliokuwa polisi, wao hakimu, wao askari jela. Ujumbe ulikuja kwa Nyanya kwamba amlete mtoto saa mbili usiku, kichochoro cha nyuma ya maduka. Asipomleta watamfuata wenyewe, na hapo haitakuwa magoti tu.

Alimpeleka.

Haya aliniambia siku nyingine kabisa, ametazama dirishani, na sijui kwa nini alinichagua mimi. Alisema alimvalisha mtoto suruali kuukuu, maana ile nzuri alikuwa ameinunua kwa mkopo na hakutaka itobolewe. "Hebu fikiria," aliniambia, "nilifikiria suruali." Alisimama mwisho wa kichochoro. Walikuwa wanne, wamevaa boshori, lakini aliyesema "lala kifudifudi" alimjua kwa sauti. Alikuwa amewahi kumpa maziwa nyumbani kwake alipokuwa mdogo. Risasi mbili, moja kila goti. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaitwa kabla, kwa sababu shughuli hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Madaktari wa Belfast wakawa miongoni mwa mabingwa wa dunia wa kutengeneza magoti yaliyopigwa risasi.

Kijana yule aliishi. Alihamia Uingereza na sikuwahi kumwona ila kwenye picha, ameegemea gari.

Nilianza kusoma baada ya hapo. Vita ile iliyodumu miaka thelathini iliua watu zaidi ya 3,500, na zaidi ya nusu walikuwa raia. Makundi ya upande wa Wakatoliki yaliua takriban 2,000, ya upande wa Waprotestanti takriban 1,000, na waliobaki wengi wao waliuawa na askari na polisi. Nilichokuwa sikukitarajia ni kwamba IRA, walinzi wa Wakatoliki, waliua Wakatoliki kwa mamia. Jean McConville, mama wa watoto kumi, mjane, alichukuliwa nyumbani kwake Divis Desemba 1972, watoto wakiwa wamemshika nguo. Walisema ni mpasha habari. Mifupa yake ilipatikana ufukweni mwaka 2003, mwaka mmoja kabla sijafika. Jina hilo Nyanya hakulitaja hata siku moja, na Divis si mbali na mlango wake.

Nikikomea hapo nitakuwa nimedanganya kwa kunyamaza. Serikali ya Uingereza haikuwa mwamuzi aliyesimama katikati na filimbi. Babu yangu mzaa baba alifungwa kambi ya Manyani enzi za Mau Mau, akarudi na mkono mmoja usioinuka. Miaka ile kulikuwa na ofisa kijana wa jeshi, Frank Kitson, aliyekuwa akiwageuza wapiganaji waliokamatwa, akiwavika matambara ya msituni na kuwarudisha kuwinda wenzao. Septemba 1970 mtu huyohuyo alipewa kuongoza brigedi ya jeshi mjini Belfast, akakaa mpaka 1972. Katika kipindi hicho ndipo kikaundwa kikosi cha askari waliovaa nguo za kiraia na kufyatulia watu risasi kutoka kwenye magari. Mwaka 1971 wanaume 14 walivikwa mifuko vichwani, wakasimamishwa ukutani kwa saa nyingi, wakanyimwa usingizi na chakula, wakapigiwa kelele isiyokoma. Tume ya Waingereza wenyewe iliorodhesha mahali mbinu hizo zilikotumika kabla, na Kenya imo. Niliposoma hilo niliondoka mezani nikaenda kusimama nje kwenye mvua. Babu hakuwahi kutueleza mkono wake ulivyopatwa. Nilikuja kuujua Belfast.

Na makundi ya Waprotestanti, hasa UDA, yalipata majina na picha za watu wa kuua kutoka kwa watu wa usalama. Waziri mkuu David Cameron alikiri hilo bungeni mwaka 2012 juu ya mauaji ya wakili Mkatoliki, Pat Finucane. UDA yenyewe ilikuwa chama halali mpaka Agosti 1992. Kwa miaka zaidi ya ishirini mtu aliweza kuwa mwanachama, akalipa ada, na asivunje sheria yoyote.

Sasa nije kwangu.

Januari 2008 nilikuwa Belfast, na Kenya ilikuwa inawaka baada ya uchaguzi. Kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilikuwa limechomwa tarehe mosi likiwa na wanawake na watoto ndani. Mimi ni Mkikuyu, mzaliwa wa Nakuru. Wiki tatu sikulala. Nilikuwa nikimwosha mzee wa watu huku simu iko mfukoni inatetema. Ijumaa tarehe 25 mdogo wangu alinipigia akisema Nakuru imeanza, watu wanasema wale wengine wanakuja usiku, na vijana wa mtaa wanachangisha ili walinde. Kila nyumba inatoa. Walio ng'ambo wanatarajiwa kutoa zaidi. "Dada," alisema, "wameandika majina ya waliotoa."

Nilituma pauni 100 siku ileile. Nilikwenda wakati wa chakula cha mchana, nikiwa na sare ya kazi.

Nilikuwa nimeshamsikia Nyanya. Nilikuwa nimeshasikia habari ya kopo, ya marungu, ya suruali kuukuu, miaka mitatu nzima kabla. Nilijua njia ile inakokwenda kama anavyoijua mtu aliyechorewa ramani, na nilipofika penyewe nikapita. Hakuna aliyenidanganya. Mdogo wangu alisema vijana, na moyo wangu ukajaza yaliyosalia: vijana wetu, watoto wa jirani, nawajua mama zao.

Nilirudi nyumbani kwa likizo mwaka 2010. Mdogo wangu alinisubiri mpaka wageni wakaondoka, akaniambia pesa ile ilinunua nini. Petroli na mapanga. Wale wengine hawakuja usiku ule mtaani kwetu. Vijana ndio waliotoka. Walianza na fundi cherehani, Mjaluo, mtu aliyetushonea sare za shule sote wanne na ambaye alikubali kulipwa kidogokidogo. Alikuwa mtaani kabla mimi sijazaliwa. Walimpa dakika kumi. Mkewe alilia juu ya cherehani mpaka wakaichukua hiyo pia. Walilala Uwanja wa Afraha na maelfu ya wengine, kisha wakapakiwa basi kwenda Nyanza, mahali ambako yule fundi hakuwa ameishi tangu utotoni. Aliokoka. Kule Naivasha wikendi ileile watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa nchi nzima kuwa 1,133, na ilieleza jinsi pesa zilivyochangwa na vijana walivyokusanywa. Niliisoma ripoti ile nikijitafuta. Sikuwamo, bila shaka. Watu wa pauni mia hawaandikwi.

Mtaani kwetu mambo hayakuishia hapo. Vijana waliendelea kukusanya. Walitoza matatu, walitoza wenye vibanda, walitoza ploti kwa jina la ulinzi, na mwaka 2009 walimvunja miguu kijana wa Kikuyu, mtoto wa mwalimu, aliyesema wazi kwamba sasa yatosha. Mdogo wangu alipolisema hilo nilisikia baridi mgongoni. Nilikuwa nimeona kichochoro kile tayari, nyuma ya maduka, saa mbili usiku.

Nyanya alikuwa ameshafariki. Mtu wa kwanza niliyemweleza alikuwa mzee mmoja wa upande wa Shankill, Mprotestanti, fundi wa zamani wa meli, ambaye nilimhudumia miaka sita. Kutoka Clonard mpaka kwake, kama ukuta usingekuwapo, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kwa gari nilipitia lango la Lanark Way, ambalo hufungwa usiku. Alikuwa mtu mkimya, anayekunywa chai bila sukari na kusikiliza redio ya mashindano ya mbio za farasi. Nilimweleza kwa sababu aliniuliza kwa nini nimerudi kutoka likizo nimekonda.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Yangu ilikuwa ya kila wiki."

Mwaka 1972 alijiunga na UDA kama wanaume karibu wote wa barabara yake. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kusimama kwenye vizuizi usiku, basi. Baadaye hakwenda tena kusimama, ila ada aliendelea kulipa. Kila Ijumaa kijana aligonga mlango na daftari. Miaka ishirini na mmoja. "Sikuuliza," alisema. "Ni kama kulipia maji."

Tarehe 23 Oktoba 1993 alikuwa barabara ya Shankill akinunua gazeti IRA walipolipua duka la samaki. Walikuwa wanawalenga viongozi wa UDA waliodhaniwa kukutana ghorofani, hawakuwapo. Walikufa watu 9 waliokuwa dukani na njiani, wakiwamo wasichana wa miaka 7 na 13, na mmoja wa waliolibeba bomu. Mzee alifukua kwa mikono pamoja na wengine. Hakuniambia alichokikuta, na mimi sikumuuliza. Siku saba baadaye watu wa UDA waliingia kwenye baa huko Greysteel, karibu na Derry, wakaua watu 8, kulipiza kisasi. Kisasi cha wale aliowafukua yeye. "Hakuna aliyeniuliza mimi," alisema, na mkono wake ukaanza kutetemeka hata kikombe kikagonga sahani. "Niliwafukua mimi. Hakuna aliyeniuliza."

Ijumaa iliyofuata kijana wa daftari alipogonga, mzee alimwambia amemaliza kulipa. Kijana akaandika kitu. Jumapili wakiwa kanisani dirisha la mbele lilivunjwa. Alitia kioo kipya, likavunjwa tena. Mara ya tatu akapigilia mbao, na akaishi na mbao hizo mpaka makundi yaliposimamisha vita mwaka uliofuata, Agosti na Oktoba 1994. Mkewe alimlaumu kwa giza la sebule mpaka alipofariki. Nilimuuliza kama alijuta. Alifikiri sana. Alisema anajuta ile miaka ishirini na mmoja, na kwamba dirisha lilikuwa baya pia, nisidhani dirisha lilikuwa rahisi.

Nampenda mzee yule kwa jibu hilo. Watu wengi husimulia habari za ujasiri kana kwamba ukishaamua mambo yamekwisha.

Mkataba wa amani ulitiwa saini Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1998, na wananchi wa Ireland Kaskazini wakaupitisha kwa asilimia 71. Ninauheshimu mno. Mimi nimeishi ndani ya amani ile, nimelea binti ndani yake. Hata hivyo ukuta upo. Serikali iliahidi kwamba kuta zote zitaondolewa ifikapo 2023, na mwaka huo umepita. Waliojiua tangu mkataba ni wengi kuliko waliouawa vitani. Watu bado hupelekwa kwa miadi kupigwa risasi za miguu, wachache kuliko zamani, na baadhi yao walizaliwa baada ya amani. Makundi yaliharibu silaha zao, IRA mwaka 2005, wenzao wa upande wa pili miaka michache baadaye. Madaftari hayakuharibiwa.

Najua kwa sababu ninaishi karibu nayo. Nyumba yangu iko mashariki ya mji, mtaa wa Waprotestanti, kodi ni nafuu. Kingo za barabara zimepakwa nyekundu, nyeupe na buluu, na Julai bendera za UVF, kundi jingine la silaha la Waprotestanti, hupanda kwenye nguzo. Majirani zangu ni watu wema. Binti yangu alipougua waliniletea supu wiki nzima.

Mwishoni mwa Julai 2024 wasichana watatu waliuawa kwa kisu kule Southport, Uingereza, na uongo ukasambaa kwamba muuaji ni Mwislamu aliyekuja kuomba hifadhi. Jumamosi tarehe 3 Agosti maduka ya wageni yalichomwa Belfast, ya Wasyria, ya Wasudani. Nilikaa gizani na binti yangu. Jumatatu jioni mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamume ninayemjua kwa sura, anayefundisha watoto wa mtaa kupiga ngoma kwenye bendi. Alisimama kwa adabu, mikono mfukoni.

"Usiwe na wasiwasi, mama," alisema. "Nyumba hii haiguswi. Nimeongea na vijana."

Nilimshukuru. Nataka niliseme hilo jinsi lilivyokuwa: nilimshukuru kwa moyo wote, magoti yakiwa hayana nguvu, na nilikuwa karibu kulia. Alikuwa ameshageuka nilipouliza, "Na namba tisa?"

Namba tisa ilikuwa familia ya Kisudani, baba, mama na watoto watatu. Alitazama upande ule. "Hao siwajui," akasema.

Niliketi kwenye ngazi za ndani kama dakika ishirini. Binti yangu aliniuliza kuna nini. Nilimwambia avae viatu. Tulikwenda namba tisa tukagonga, na mama yule hakufungua mpaka aliposikia sauti ya mtoto. Usiku ule tulilala watu saba katika nyumba yangu ya vyumba viwili, watoto wamepangwa sakafuni kama tulivyokuwa tukilazwa kwa shangazi siku za matanga. Mume wake hakulala. Alikaa kwenye kiti nyuma ya mlango na ufagio wangu mapajani. Asubuhi kioo cha namba tisa kilikuwa kimevunjwa na rangi imemwagwa mlangoni. Wakaondoka siku ileile kwenda kwa ndugu zao Glasgow.

Wiki tatu baadaye mwalimu wa ngoma aligonga tena, akiwa na ndoo ndogo ya plastiki yenye kibandiko. Alisema ni mchango wa sare za bendi. Majirani wote wametoa.

Nilikuwa na noti ya pauni kumi kwenye mfuko wa koti, naihisi kwa vidole. Inawezekana kabisa ilikuwa ya sare. Watoto wale nawajua, nawasikia wakifanya mazoezi Alhamisi.

Nilimwambia sitoi.

Hakunigombeza. Alitazama juu ya bega langu, ndani ya nyumba, akasema sawa, mama, akaenda mlango unaofuata. Nilimsikia akicheka na jirani yangu na sarafu zikianguka kwenye ndoo. Tangu siku hiyo nikirudi usiku kutoka kazini husimama kwanza ng'ambo ya barabara, nikaangalia dirisha la mbele, kabla ya kutoa funguo.